Je, Unafaa kwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito? Jichunguze Hatua kwa Hatua Kabla ya Kumwona Daktari

"Nina kilo mia na kumi. Nafaa kukatwa tumbo?" Anayeuliza hivi anastahili jibu la maana kuliko "punguza kula". Shida ni kwamba kilo mia na kumi peke yake haisemi kitu. Mwenye kilo hizo na urefu wa futi sita hayuko mahali pamoja na mwenye kilo hizohizo na futi tano. Hata wawili waliolingana urefu na uzito, mmoja akiwa anachoma insulini na mwenzake hana ugonjwa wowote, nao hawako mahali pamoja.

Upasuaji huu hupunguza tumbo la chakula, na ni tiba ya ugonjwa. Daktari anapopima kama unafaa, hatazami gauni linavyokukaa wala kitambi kinavyoonekana kwenye picha. Anatazama uzito unakudhuru kiasi gani, umejaribu njia gani, na kama utaweza kuishi na tumbo hilo jipya miaka yote iliyobaki. Chukua daftari na kalamu tuanze, maana majibu utakayoandika ndiyo utakayoulizwa kliniki.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Panda kwenye mizani asubuhi kabla ya chai, umevua viatu na umetoa simu na funguo mfukoni. Urefu upimwe umesimama, visigino na kisogo vimegusa ukuta, mtu mwingine akuwekee kitabu kigumu juu ya kichwa na kuchora alama. Usitumie urefu unaoukumbuka tangu shule. Sentimita tatu tu zinaweza kubadilisha jibu.

Sasa fungua kalkuleta ya simu. Urefu wako kwa mita uzidishe kwa urefu huohuo, kisha gawanya uzito wako kwa jibu ulilopata. Mama mwenye mita 1.60 na kilo 98 atapata hivi: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 98 ukigawanya kwa 2.56 unapata 38.3. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani uwiano wa uzito na urefu. Kwa mtu mzima, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 tunaingia kwenye kiribatumbo.

Chukua pia utepe wa fundi cherehani upime kiuno, kati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke aliyefika sentimita 80 na mwanaume aliyefika 94 wanahitaji kuangalia sukari na presha hata kama BMI si kubwa, kwa sababu mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo ndiyo yanayosumbua ini, moyo na kongosho.

Hatua ya 2: Tafuta namba yako iko wapi

Hapa watu wengi hupotoshwa na maelezo ya zamani. Mwaka 1991 jopo la wataalamu nchini Marekani liliweka mipaka iliyotumika karibu duniani kote kwa miaka thelathini: BMI ya 40 na zaidi, au 35 na zaidi kwa mwenye ugonjwa mkubwa unaotokana na uzito. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, kimoja cha Marekani na kingine cha kimataifa, vilipitia upya mipaka hiyo. Sasa vinapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI ya 35 na kuendelea, awe na ugonjwa mwingine au asiwe nao. Mwenye kisukari cha aina ya pili anapendekezewa kuanzia 30. Wengine walio kati ya 30 na 34.9 wanaweza kufikiriwa iwapo njia nyingine hazikuwapunguza vya kutosha au uzito ulirudi.

Kwa mtu wa mita 1.60, BMI ya 30 ni karibu kilo 77, ya 35 ni karibu kilo 90, na ya 40 ni kilo 102 na kidogo. Kwa mwenye mita 1.70 ni kilo 87, 101 na 116.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi Waafrika, na sielewi kwa nini halisemwi vya kutosha. Mwongozo wa taifa wa Uingereza unaruhusu mipaka ishushwe kwa 2.5 kwa watu wenye asili ya Afrika, Karibiani yenye asili ya Kiafrika, Mashariki ya Kati na Asia, kwa sababu kisukari na magonjwa ya moyo huweza kuwaanza katika uzito mdogo kuliko Wazungu. Kwa hiyo Mtanzania anayeishi Leicester au Msomali wa London mwenye 37.5 anaweza kupelekwa kwa wataalamu pale ambapo jirani yake Mzungu asiye na ugonjwa mwingine angesubiri 40. Ukiwa huko na daktari wako wa mtaa akakwambia hujafika, muulize kwa upole kama amehesabu kwa mpaka wa asili yako.

Huku nyumbani kila hospitali huchagua mwongozo inaoufuata. Swali la kwanza la kuuliza mapokezi ya kliniki liwe hili: "Mnapokea kuanzia BMI ngapi, na kwa mwenye kisukari je?"

Hatua ya 3: Orodhesha magonjwa, hata yale usiyojua kama unayo

Hatua hii usiipitie haraka, kwa sababu ndiyo yenye uzito mkubwa kwenye uamuzi, na watu wengi huingia kliniki wakisema "sina ugonjwa" kumbe hawajapimwa.

Kisukari cha aina ya pili kiko juu kabisa. Kipimo cha asubuhi cha kutoboa kidole hakitoshi. Omba kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu. Upasuaji hushusha sukari hata kabla kilo nyingi hazijatoka, kwa kuwa hubadilisha homoni za utumbo. Wengi hupunguza dawa na wengine huziacha kabisa. Anayefanyiwa mapema, kabla hajakaa na kisukari miaka mingi na kabla hajafikia insulini, ana nafasi nzuri zaidi. Ndiyo sababu mwenye kisukari na BMI ya 31 anaweza kupewa nafasi mbele ya mtu mzima wa afya mwenye uzito mkubwa kuliko yeye.

Ifuatayo ni presha, hasa inayohitaji dawa mbili au tatu, pamoja na mafuta mabaya kwenye damu.

Kisha usingizi. Muulize mnayelala naye chumba kimoja: unakoroma kwa nguvu, kisha unanyamaza kama umekatika pumzi, halafu unashtuka? Asubuhi unaamka na kichwa kizito, mchana unasinzia kwenye daladala au ofisini? Wengi huchukulia kukoroma kuwa dalili ya usingizi mtamu. Kukatika pumzi usingizini huchosha moyo, na daktari wa usingizi lazima ajue kabla hajakupa nusu kaputi. Ukimficha hili unajihatarisha.

Andika pia maumivu ya magoti na kiuno, ini lenye mafuta kama limeonekana kwenye ultrasaundi, hedhi zinazoruka na kuchelewa kushika mimba kwa sababu ya vifuko kwenye ovari. Kina mama wengi huja wakitafuta mtoto na kukutana na suala la uzito wakiwa njiani.

Kiungulia kiandike peke yake, tena useme ni cha mara ngapi kwa wiki. Hakikunyimi upasuaji, lakini kinaweza kubadilisha aina utakayofanyiwa, kama utakavyoona mbele.

Hatua ya 4: Eleza ulichojaribu, na kilichokunenepesha

Utaulizwa historia ya uzito wako: ulianza kunenepa lini, baada ya uzazi wa ngapi, baada ya kuhama kazi, baada ya msiba? Umejaribu nini na kwa muda gani? Andika kwa ukweli, hata zile chai za kupunguza tumbo ulizouziwa mtandaoni. Ukiri kwamba ulipungua kilo kumi zikarudi kumi na tano. Daktari mwenye uelewa hatakucheka, maana anajua mwili hupigana kurudisha uzito kwa kuongeza njaa na kupunguza matumizi ya nguvu.

Hapo hapo lete dawa zako zote. Prednisolone ya muda mrefu, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapine, insulini na glibenclamide za kisukari, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zinaweza kuongeza uzito. Wakati mwingine kubadilisha dawa moja kunasaidia kabla ya kuwaza kisu, lakini abadilishe daktari, usiache mwenyewe. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo hupimwa kwa damu.

Nawaandikia hasa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, kwa sababu wengi wao hudhani mlango umefungwa. Kuishi na virusi hakukunyimi upasuaji kama virusi vimefubaa na afya iko imara. Tena dolutegravir, ambayo wengi sasa wako nayo, imewaongezea baadhi ya watu kilo nyingi. Unachotakiwa ni kumweleza daktari wa upasuaji waziwazi, kwa sababu baada ya hapo utameza madini ya kalsiamu na chuma, na madini hayo huzuia dolutegravir isiingie mwilini ikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu. Utapangiwa muda: dawa saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake.

Kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito, semaglutide na tirzepatide, nazo zihesabu kwenye ulichojaribu. Kama bado unachoma, daktari wa usingizi ajue mapema, kwa kuwa huchelewesha chakula kutoka tumboni.

Hatua ya 5: Angalia kama kuna la kukusubirisha

Tofautisha "hapana" na "bado". Mengi yaliyomo hapa ni "bado".

Mjamzito anasubiri ajifungue. Anayepanga mimba karibuni naye anaelezwa kwamba baada ya upasuaji inashauriwa kukaa miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, ili mwili utulie na mtoto asikose virutubisho. Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huweza kurudi ghafla, na vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki vizuri baada ya upasuaji wa kubadilisha njia ya chakula (ule wa pili utakaouona Hatua ya 7). Ongea na mkunga kuhusu kijiti au kitanzi.

Mvutaji wa sigara au shisha anaacha kwanza, mara nyingi wiki sita au zaidi, na harudii. Moshi huchelewesha kidonda kupona, huongeza hatari ya damu kuganda na huleta vidonda pale tumbo lilipounganishwa. Anayekunywa pombe kupita kiasi au kutumia dawa za kulevya anatibiwa hilo kwanza.

Sonona, msongo au historia ya kula kwa kujificha hadi maumivu hazimfungii mtu mlango. Zinahitaji kutibiwa na kutulia kabla, na kliniki nzuri itakupeleka kwa mwanasaikolojia. Usiione hatua hiyo kama mtihani wa kukukamata.

Ugonjwa mkali wa moyo au mapafu usiohimili nusu kaputi, ini lililosinyaa lenye presha kubwa kwenye mishipa yake, na saratani inayoendelea kutibiwa mara nyingi ndizo huleta "hapana" yenyewe.

Hatua ya 6: Umri

Mwisho wa umri haupo kwa namba. Mzee wa miaka 68 mwenye miguu yenye nguvu anaweza kufaa kuliko wa miaka 50 aliyedhoofika. Kwa vijana chini ya miaka 18 miongozo ya kimataifa inaruhusu, mara nyingi kwa BMI ya 35 yenye ugonjwa mkubwa au 40, lakini ni kazi ya timu ya madaktari wa watoto na familia nzima, na kijana mwenyewe lazima awe anataka. Mzazi asimsukume mtoto.

Hatua ya 7: Jua unaomba kitu gani

Kuna puto, na kuna upasuaji. Puto huingizwa kupitia mdomoni, hujazwa ndani ya tumbo, hukaa kwa kawaida miezi sita na kisha hutolewa. Hakuna kinachokatwa. Dar es Salaam huduma hiyo ipo hata kwenye hospitali ya umma, Muhimbili Mloganzila. Huwafaa zaidi wenye uzito ambao haujafika mbali, au mwenye uzito mkubwa mno anayehitaji kupungua kwanza ili upasuaji uwe salama. Likitolewa, uzito hurudi kwa urahisi kama ulaji haukubadilika.

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa kuondoa karibu asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Haurudishwi. Wa pili hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mwenye kiungulia kikali mara nyingi huelekezwa kwenye huu wa pili, kwa sababu wa kwanza unaweza kukizidisha. Kwa wastani, upasuaji wa kwanza hupunguza karibu robo ya uzito wote na wa pili karibu asilimia 30, ingawa sehemu ya uzito huweza kurudi baada ya miaka.

Hatari zipo: uvujaji kwenye mishono, kutokwa damu, damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni. Kwenye vituo vyenye uzoefu vifo ni takribani mtu 1 kati ya 1,000. Upande mwingine, utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu wenye kiribatumbo kwa miaka mingi na kukuta vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa kuliko kwa wenzao waliopata matunzo ya kawaida.

Hatua ya 8: Jiulize kama utaishi nao

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko penginepo.

Wiki mbili hivi kabla ya upasuaji utapewa mlo mkali wa kupunguza mafuta kwenye ini, ili daktari aone tumbo vizuri. Baada yake utakunywa vimiminika tu, kisha vilivyosagwa, kisha laini. Sahani yako ya ugali itakuwa kijiko au viwili. Protini ndiyo itatangulia: samaki, mayai, maharage, mtindi, lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Hutakunywa maji pamoja na chakula. Soda na juisi ya miwa vinaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha ndani ya nusu saa. Pombe itapanda haraka kuliko zamani.

Fikiria sinia la pilau kwenye shughuli, shangazi anakusukumia nyama na wewe umeshashiba kwa tonge tatu. Utasemaje? Huku kwetu mtu akinenepa husifiwa kwamba amenawiri, akikonda haraka watu hunong'ona kuhusu ngoma. Amua mapema nani nyumbani atajua ukweli, na mpe ruhusa ya kukutetea. Mume au mke aje kliniki angalau mara moja, maana yeye ndiye mara nyingi anayeshika mwiko au pesa ya soko.

Kwa wanaofunga Ramadhani, madaktari wengi hushauri mwaka wa kwanza usifunge, kwa kuwa maji unayapata kwa vikombe vidogo mchana kutwa. Mweleze daktari, na ongea na sheikh wako kabla mwezi haujaandama.

Vitamini na madini ni vya maisha: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D. Nenda duka la dawa leo, uliza bei ya vidonge hivyo kwa mwezi, zidisha kwa kumi na mbili. Kama kiasi hicho kitakulemea, semeni na mtaalamu wa lishe kabla, kwa sababu kuviacha kunaleta upungufu wa damu na ganzi ya miguu isiyorudi. Na baada ya ule upasuaji wa pili, wa kuunganisha kifuko na utumbo, diklofenaki na ibuprofen unaziaga. Kwa mtu aliyezoea kununua diklofenaki kila goti likiuma, hilo ni badiliko kubwa.

Hatua ya 9: Mahali na pesa

Uliza kampuni yako ya bima kwa maandishi kama inalipia, maana wengi huambiwa ndiyo kwa simu na hapana kwenye ankara. Daktari mwambie akutajie amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, na kama hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi.

Wanaokwenda India au Uturuki, bei inaweza kuwa nzuri na mikono ikawa ya uzoefu. Kabla ya kukata tiketi, tafuta daktari wa hapa atakayekubali kukufuatilia ukirudi: vipimo vya damu baada ya miezi mitatu, sita, mwaka, na kila mwaka baada ya hapo. Usipompata, usisafiri bado.

Siku ya kwenda kliniki beba daftari lenye BMI yako na kipimo cha kiuno, dawa zote ndani ya mfuko mmoja, majibu ya vipimo vya nyuma na jina la ndugu atakayekuuguza. Tarajia kuongezewa vipimo vya damu, moyo, ultrasaundi ya ini na mfuko wa nyongo, na pengine kile cha mpira wenye kamera kuangalia vidonda vya tumbo na bakteria wake, ambao hutibiwa kwanza. Ukiambiwa bado, omba uandikiwe sababu na tarehe ya kurudi.